Feki, Bandia, Ghushi: Jua Unaloambiwa



Vijana wetu, leo sitawaweka sana. Kuna neno mnalitumia kila siku: feki. Simu feki, viatu feki, rafiki feki. Tumelitoa kwa Kiingereza, na sasa linabebeshwa kila kitu. Hapo ndipo shida ilipo.

Kiswahili kina bandia na kina ghushi, na si mamoja. Aliyekatwa mguu akawekewa wa bandia hajamdanganya mtu. Nyanya ana meno ya bandia, na nyumba nzima yajua usiku yanalala kwenye gilasi gani. Ni kweli twasema pia noti bandia, na hiyo ni hila. Lakini ghushi haina upande mzuri hata kidogo. Asili yake ni Kiarabu, ghish, yaani udanganyifu. Ndilo neno la ile hadithi ya sokoni katika Sahih Muslim: Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka juu watu wakakiona, kisha Mtume akamkana mwenye kufanya ghushi. Sasa tazameni: chakula kilikuwa chakula cha kweli. Ghushi ilikuwa ni kule kuficha.

Tuje kwa kitambulisho. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa, wakapewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kuwa ni Wakenya. Wanubi wa Kibra na vijana wengi wa Pwani nao wanayajua maswali ya ziada. Sasa afisa akishika cheti chako cha kuzaliwa akasema, "Hii ni feki," usiondoke kimya. Muulize kwa adabu: feki vipi? Wamaanisha nimeghushi?

Kwa sababu kughushi ni jinai. Kifungu cha 345 cha Kanuni ya Adhabu chasema ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kudanganya, na kifungu cha 349 kinataja jela hadi miaka 3. Hilo ni shtaka, lataka ushahidi. Ukiandikwa Mohamed hapa na Muhammad kule, hiyo ni hati yenye kosa la karani. Inasahihishwa, basi. Katiba, kifungu cha 12, inakupa haki ya hati za usajili ukiwa raia, na cha 47 kinakupa haki ya sababu za kukataliwa, tena kwa maandishi. Ziombe.

Na yule dalali anayekuahidi cheti kwa siku mbili? Hiyo sasa ndiyo ghushi yenyewe. Ukiipeleka dirishani ukijua, kosa ni lako pia, na haki yako ya kweli umeichafua kwa mkono wako.

Waliokataliwa, andikeni leo tarehe, ofisi na maneno mliyoambiwa, kama yalivyosemwa. Mkihifadhi na nakala za karatasi zote mlizopeleka, wakili atakuwa na pa kuanzia.