Hongo Katika Kabumbu: Ugumu wa Hesabu Hautalinda Mashindano
Hotuba kwa viongozi wa timu, waamuzi na wanamichezo



Anayetaka kununua kombe ana swali moja: ni mechi zipi azitolee hongo ili atumie pesa kidogo? Wataalamu wa kompyuta wamelichunguza, na jibu linamhusu kila anayeandaa mashindano.

Katika ligi, hesabu ni kubwa. Mechi 10 zikisalia, na kila moja ina matokeo matatu yanayowezekana, zipo njia 59,049 za ligi kumalizika. Mwaka 2001, Kern na Paulusma walionyesha kuwa kwa mfumo wa pointi 3 za ushindi na 1 ya sare, hata kujua kama timu bado inaweza kuwa bingwa ni swali gumu. Njia ya haraka ya kulitatua kila mara haijulikani. Ushindi ulipokuwa na pointi 2, kompyuta ililimaliza upesi.

Hata hivyo, ugumu huo usimfariji mtu. Siku ya mwisho, zikibaki mechi mbili tatu, penseli inatosha. Katika mtoano ni rahisi zaidi: mlaghai akishajua nani kwa kawaida humshinda nani, kompyuta humwonyesha haraka mechi chache za kuharibu.

Wakati mwingine ratiba yenyewe hufungua mlango. Tarehe 25 Juni 1982, kule Gijón, Uhispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0 katika Kombe la Dunia. Matokeo hayo yalizifaa timu zote mbili. Baada ya bao la mapema, mpira ukapoa. Algeria, iliyomaliza mechi zake siku moja kabla, ikatolewa. Tangu 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja.

Basi kinga iko mikononi mwa waandalizi. Droo ifanywe hadharani. Mechi za mwisho zianze pamoja. Waamuzi walipwe kwa wakati. Anayeombwa au kupewa hongo aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).

Kijana anayefanya mazoezi alfajiri hana pesa za kununua refa. Ana miguu yake tu. Mechi ikiuzwa, jasho lake ndilo linalouzwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.