Ini na Tumbo: Maneno kwa Wanachama
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka, Matiliku)



Tulipokuwa tukiandika hesabu za Chama, tuliona kwamba fedha nyingi hutumika kwa majeneza na safari za mazishi. Kuzikana ni wajibu, wala hatusemi uachwe. Lakini baadhi ya wale tuwazikao wangaliweza kuwa nasi leo, na ndiyo sababu twasema juu ya ini na tumbo.

Wazee watakumbuka mwaka 1981, wakati sehemu hii ilipokuwa bado ndani ya Wilaya ya Machakos. Watu 20 walipelekwa hospitali, macho yao yakiwa manjano, na 12 wakafa. Kabla ya hapo njiwa wengi walikuwa wamekufa, kisha mbwa na kuku. Sababu ilikuwa sumu ya kuvu katika mahindi, iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo ilirudi kwa nguvu kubwa zaidi: watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa yamewekwa nyumbani yakiwa na unyevu.

Basi tujifunze kwamba macho ya manjano si ugonjwa mmoja. Ni kilio cha ini, na ini hulia kwa sababu nyingi. Mojawapo ni sumu hiyo. Nyingine ni virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida. Virusi vya homa ya ini aina ya A na E hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina ya E iliwashambulia wakimbizi wa Dadaab mwaka 2012, nayo ni hatari hasa kwa mama mjamzito. Sisi tuchotao maji katika visima vya mchanga mtoni hatuna budi kujiuliza: ng'ombe wananywa wapi, na watoto wanajisaidia wapi?

Aina ya B na C ni tofauti. Hizo hupita katika damu. Na aina ya B hupita pia kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe mmoja usitumiwe na watu wawili. Lakini kula pamoja katika sahani moja, au kupeana mkono, hakuambukizi. Kwa hiyo asitengwe mtu yeyote, wala jirani asishukiwe uchawi kwa sababu ya ugonjwa wa mwenzake.

Hapa ndipo penye jambo zito. Wachunguzi wa mwaka 2004 walikuta kwamba virusi vya aina ya B vilionekana zaidi kwa wale waliougua kuliko kwa majirani zao waliobaki wazima. Tena, sumu ya kuvu na virusi hivyo vikikutana katika ini moja kwa miaka mingi, hatari ya saratani huongezeka mno. Ni adui wawili walioshikana mikono.

Dawa ya kuzuia aina ya B ipo. Watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa tangu mwaka 2001, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni; yafaa tupimwe, na asiye na virusi aulize habari za chanjo.

Kuhusu tumbo, virusi viitwavyo rota, vilivyotambuliwa na Bi. Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne mwaka 1973, huwaharisha watoto wachanga hata wakakaukiwa maji mwilini. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini mwaka 2014. Mtoto akiharisha, asinyimwe maji wala ziwa. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na akilegea apelekwe hospitali mara moja.

Tunaleta mbele yenu mapendekezo matatu. Kwanza, Chama kinunue maturubai ya kuanikia mahindi, na kipimo cha unyevu cha kutumiwa na wote. Nafaka isiingie ghalani ikizidi asilimia 13.5. Mahindi yenye kuvu yasisagwe wala kupikwa muthokoi, kwani moto hauondoi sumu hiyo. Pili, kila utui ufanye mwethya wa kuchimba vyoo mbali na mto. Tatu, mwandishi wa kila tawi aandike katika daftari watoto ambao hawajamaliza chanjo, na kuwakumbusha wazazi wao.

Wazee wetu, tunajua kwamba fedha hizi zitapunguza fungu la mazishi. Tunaomba mkubali hivyo. Chama kilichoundwa ili tusizikwe peke yetu kisaidie pia tusizikwe mapema.