Kuwatia Vifaranga Joto Wakati wa Kipupwe



Kipupwe cha Juni na Julai katika nyanda za juu, kama Njombe na Makete, hakina huruma kwa kifaranga. Mwili wake hauwezi kujitunzia joto mpaka aote manyoya. Juma la kwanza ahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Sentigredi. Kisha hupunguzwa kama nyuzi 3 kila juma.

Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakilundikana chini ya taa wakilia, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, upepo unapenya. Nami nawaamini wao kuliko kipimajoto kilichotundikwa juu ukutani. Zungusheni uzio wa mviringo, maana kwenye pembe hulaliana hata wakafa.

Lakini lililonileta hasa ni jiko la mkaa. Wengi wetu huziba kila tundu kwa magunia, tukafunga mlango, jiko likiwaka ndani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, hata ukiwa umekolea na moshi umekwisha. Hewa hiyo huua vifaranga, na humwua pia mtu aliyelala humo kuwalinda. Zibeni chini, usawa wa vifaranga. Juu, karibu na paa, pawe wazi. Mlinzi asilale ndani kamwe.

Kwa hiyo nawaomba Makatibu: msimkabidhi mwanachama boksi la vifaranga kabla hamjaona chumba chake kimekwisha kupata joto, na tundu la juu li wazi.