Habari ya kazi ifike kwa yule anayebisha mlango

Wengi wetu tuko na diplome na hatuna kazi, munajua. Lakini leo tunaongea juu ya kazi ile tuliyoipata siku moja, na vile ilituharibikia mikononi.

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Ilituulia watu zaidi ya 2,200. Timu zilikuwa na watu wa kila fasi: madaktari wa Kinshasa, wachanjaji kutoka Guinea, wageni wa Ulaya, na vijana wa Beni na Butembo waliolipwa kwa siku. Wamoja wetu walikuwamo. Mukutano wa asubuhi ulikuwa kwa Kifaransa, karatasi pia. Kisha sisi ndio tulienda kubisha mlango, kwa Kinande na kwa Kiswahili chetu.

Chanjo ilianza na wafanyakazi wa afya, wale waliokuwa karibu na mgonjwa, na wale walio karibu nao. Sababu ilikuwa nzuri: kumzungushia mgonjwa watu waliokingwa ili ugonjwa usipite. Sisi hatukuambiwa sababu, tulipewa liste tu. Mama mmoja akauliza: «Juu ya nini jirani anachanjwa na mimi hapana?» Tukajibu: «Ndivyo tulivyoambiwa.» Akasema: «Basi hata ninyi hamujui munachofanya.» Kesho yake avenyu nzima ilifunga milango.

Na lile neno «suspect»! Kwa munganga ni mtu wa kupimwa. Kwa baba wa familia ni mtu anayetafutwa na polisi. Nani angekubali kupanda gari yao?

Habari haikupanda pia. Tarehe 26 Desemba 2018, CENI iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama. Jioni ile watu walituambia: «Kumbe hii Ebola ni siasa.» Tulipeleka maneno hayo kwa shefu wetu. Akasema ripoti iko na nafasi ya namba tu. Mawe yalipokuja, kila mtu alishangaa isipokuwa sisi.

Kwa hiyo, kwa kila muradi unaokuja kwetu, wa maji, wa barabara ao wa afya, tunadai mambo matatu:

1. Asubuhi, uamuzi utolewe pamoja na sababu yake, kwa lugha ambayo wote wanaelewa. Anayeenda kwa raia aurudilie kwa maneno yake mbele ya kutoka.
2. Maneno magumu tuyatafutie Kiswahili ao Kinande pamoja, si kila mtu kivyake barabarani.
3. Jioni, yule aliyetoka kwa raia aongee wa kwanza. Aliyoyasikia yaandikwe, na kesho aambiwe yamefanyiwa nini.

Na tuanze kwetu. Katika grupe yetu tuko Wanande, Wahunde, Bashi, Wahutu, Watutsi, Waluba. Mara ngapi tunatuma uamuzi kwa Kifaransa kirefu, na mwenzetu anajibu «sawa» bila kuelewa, juu anaogopa kuchekwa? Kisha siku ya kazi anafika fasi ingine, tunamuita musaliti.

Kusema «sijaelewa» si aibu. Aibu ni kumutuma mwenzako mlangoni mwa watu bila jibu.

Tuko pamoja.