Chuo Kinachomfaa Kijana: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Ada



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, familia nyingi huingia sokoni bila kutambua kwamba zimeingia sokoni. Chuo ni huduma inayonunuliwa. Hununuliwa kwa ada, kwa nauli na kodi ya chumba, na kwa miaka ya ujana ambayo hairudi. Hata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni deni, na aliyeacha masomo njiani hudaiwa kama aliyehitimu. Lakini mnunuzi yuleyule anayeigeuza na kuikagua simu dukani kwa muda mrefu huweza kuchagua chuo kwa sababu tu rafiki yake amekichagua, au kwa kuvutiwa na bango la barabarani.

Leo tunazungumzia swali moja: je, yafaa kijana achague chuo kwa kuiangalia tabia yake? Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti kwamba tabia imsaidie kuuliza maswali, wala isimfanyie uamuzi.

Fikra ya kuwagawa watu kwa aina za tabia ina historia yake. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa Uswisi, alitoa kitabu kuhusu aina hizo. Baadaye, nchini Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers walitunga kipimo chenye aina 16. John Holland, naye wa Marekani, alizihusisha tabia na kazi katika mafungu sita: watu wa vitendo, wachunguzi, wasanii, wahudumu wa jamii, washawishi na wapenda utaratibu. Leo vipimo vya namna hii vimejaa mtandaoni, na vingine hutozwa fedha. Hatusemi mvidharau, kwa kuwa vyaweza kumfungulia kijana mazungumzo kuhusu nafsi yake. Ila mtu akijibu maswali yaleyale baada ya wiki chache, aweza kuangukia fungu jingine. Si busara kuuza shamba kwa ajili ya jibu la namna hiyo.

Badala ya kumpachika kijana jina, tazameni mwenendo wake. Je, huelewa zaidi akiwa peke yake na kitabu, au akijadiliana na wenzake? Je, hupenda kushika vifaa kwa mikono yake kabla ya kusoma maelezo? Je, huweza kupanga muda wake bila kusimamiwa? Na swali tunaloliona kuwa zito kuliko yote: anapokwama, huomba msaada au hunyamaza? Aliyezoea kunyamaza aweza kupotea katikati ya mamia ya wenzake, na nyumbani wasijue mpaka matokeo yatoke.

Sasa linganisheni mwenendo huo na namna chuo kinavyofundisha. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina maelfu ya wanafunzi. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huwapeleka wanafunzi wake porini kwa mafunzo ya vitendo. Katika vyuo vya VETA, karakana ndiyo darasa kubwa. Hakuna kilicho bora kwa kila mtu. Wala hatusemi kwamba mkimya asiende chuo kikubwa. Tunasema aulize mapema: je, kuna semina za vikundi vidogo? Mwanafunzi aliyekwama humwendea nani? Ofisi ya ushauri ipo, na hufunguliwa siku zipi?

Tabia, hata hivyo, haitangulii usalama wa mnunuzi. Hakikisheni kwanza kwamba chuo kinatambuliwa: vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na vyuo vya ufundi na vya kati na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Kumbukeni kwamba chuo kusajiliwa ni jambo moja, na kozi mnayoitaka kuidhinishwa ni jambo jingine. Pili, ombeni kwa maandishi gharama zote za kozi nzima, zikiwemo za mitihani, vifaa na mafunzo kwa vitendo, pamoja na masharti ya kurejeshewa ada. Lipeni kwa njia rasmi ya chuo, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na mtunze risiti. Tatu, ikiwezekana, tembeleeni chuo siku ya kawaida ya masomo. Siku ya sherehe kila ukumbi hupendeza. Waulizeni wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao ugeni umewatoka na uhalisia wameuona.

Wazazi wenzetu, tunawaomba jambo moja. Kijana akisema chuo fulani hakimfai, msikilizeni kabla ya kumwita mkaidi. Nanyi vijana, msijifiche nyuma ya tabia zenu ili kukwepa kila kilicho kigumu. Mwenye haya aweza kujifunza kusema mbele ya watu, na mwenye papara kutulia. Chuo kinachofaa hakimwachi mtu kama alivyokuja. Humpa pa kuanzia na mtu wa kumshika mkono anapojikwaa.

Kuuliza si ujinga. Swali lililoulizwa kabla ya kulipa halina gharama. Lililoachwa hulipiwa kwa miaka.

Tunawatakia uchaguzi mwema.