Ushuhuda wa Anayengoja: Imani na Furaha Mipango Inapokwama



Mmenipa mada ya furaha ya Mkristo mipango inapovunjika. Nitaanza na desturi yetu katika makanisa ya bara ya Mombasa, kuanzia Likoni, Changamwe hadi hapa Kisauni. Saa ya ushuhuda ikifika, anayesimama ni yule ambaye jambo lake limetimia: viza imetoka, karo imepatikana, mume amerudi kazini. Tunapiga makofi, na ni haki. Lakini yule ambaye jambo lake bado hukaa kimya benchi la nyuma, na baada ya majuma machache haonekani tena. Hoja yangu ni kwamba tumeifunga furaha kwenye matokeo, na kwa kufanya hivyo tumewanyima watu wetu furaha ileile ambayo Maandiko yanaihubiri.

Fungueni Matendo 16. Paulo alitaka kulihubiri Neno Asia, akazuiwa. Akajaribu kuingia Bithinia, akazuiwa tena, na Luka hatuelezi sababu. Filipi haikuwa katika hesabu za safari yake. Alipofika huko aliwakuta wanawake wakisali kando ya mto, kisha akachapwa na kutiwa gerezani, na usiku wa manane yeye na Sila wakaimba. Baadaye aliwaandikia watu wa mji huo waraka unaotaja furaha tena na tena, naye yumo kifungoni kwa mara nyingine, hajui kama ataachiliwa au atauawa. Furaha ile haikungoja hukumu itolewe.

Tuje kwetu. Mmisionari Johann Ludwig Krapf hakuwa na nia ya kuishi Mombasa. Moyo wake ulikuwa kwa Waoromo. Alijaribu kuwafikia kupitia Uhabeshi, na mlango huo ulipofungwa akashuka pwani kutafuta njia ya kusini. Alifika Zanzibar mwanzoni mwa 1844, Sultani Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, naye akaja Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi wa Juni alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua binti. Baada ya siku chache mama alikufa kwa homa, mtoto naye akamfuata, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Rosine aliomba azikwe bara, karibu na njia, ili wapitao wakumbuke ni jambo gani lililowaleta yeye na mumewe. Kaburi hilo liko upande huu wetu, Nyali, si mbali na soko la Kongowea.

Hapa naomba tuwe waangalifu sana. Ni rahisi mhubiri kusema kwamba Mungu alimchukua Rosine ili sisi tupate tafsiri, na kituo cha Rabai kilichofunguliwa 1846 mmisionari mwenzake Rebmann alipofika, na ile kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya Krapf kufa. Mimi sitasema hivyo. Kamusi haimlipi mtu mke na mtoto. Tena simtetei Krapf kwa kila alichoandika juu ya mababu zetu. Yamo maneno makali yasiyo ya haki. Ninachojifunza kwake ni kidogo lakini ni kizito: misheni aliyoiota kwa Waoromo hakufanikiwa kuianzisha, kaburi halikumpa maelezo yoyote, na bado ile kazi ya tafsiri aliyokuwa ameishika hakuiacha. Imani yake ilikaa katika kazi ya siku ile, kabla hajajua itazaa nini.

Na wako waliopitia makubwa kuliko Krapf. Frere Town, iliyoanzishwa 1875 hapa Kisauni, ilikaliwa na watu walionusurika utumwani. Hao mipango yao haikukwama tu. Iliporwa pamoja na jamaa zao na vijiji vyao. Katika nchi wasiyoichagua walilima, wakasoma, wakaoana, wakajenga kanisa. Kengeleni tunapopanda matatu kila siku pamepata jina kutokana na kengele yao. Nasikitika kwamba watoto wetu wa Shule ya Jumapili wanamjua Daudi na Goliathi lakini hawawajui hao.

Likoni nako, Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki waliingia katika kanisa la Joy in Jesus ibada ikiendelea, wakaua waumini sita. Mtoto mdogo alipigwa risasi ikakwama kichwani, mama yake akafa. Madaktari wa Nairobi wakafanikiwa kuitoa. Mbele ya msiba kama huo, anayekimbilia kusema "furahini" anawaumiza wafiwa mara ya pili. Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, na bado imo katika Biblia. Warumi 12:15 inatuagiza kufurahi na wanaofurahi na kulia na wanaolia, katika mstari mmoja, na sehemu ya pili haipungui uzito.

Ndugu zetu wa Changamwe wanakumbuka mwaka 2019, serikali ilipoamuru makontena yasafirishwe kwa reli mpya. Madereva wa trela, utingo, makanika, wenye vibanda vya chakula, wote walitikisika, na maandamano ya Jumatatu yakaanza. Amri ile iliondolewa 2022, lakini aliyekwisha kunyang'anywa trela kwa deni hakurudishiwa. Mtu kama huyo tukimwambia imani yake ni haba, au apande mbegu ya pesa ndipo afunguliwe, tunamtwisha mzigo ambao Kristo hakumtwisha.

Kwa hiyo napendekeza saa ya ushuhuda iwe na nafasi ya anayengoja. Asimame, aseme, "Bado sijapata, na bado naomba," nasi tumwitikie amina bila kumrekebisha. Nimeona katika vikundi vya nyumbani kwamba mtu akiruhusiwa kusema hivyo uso wake hubadilika. Amegundua kwamba hayuko peke yake, na hapo ndipo furaha huanza kumrudia, shida ikiwa palepale. Pili, kila kikundi kiwe na mfuko mdogo wa unga na nauli, anayezuru asiende na aya tupu.

Makundi yakikaa baada ya chai, naomba yajadili hili kwanza: katika kanisa lako, nani ameacha kuja tangu mambo yake yalipoharibika, na nani atakwenda kwake wiki hii?