Makaburi ya Mahenge na Sisi Akina Mama

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, mwalimu mstaafu, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Nimepewa dakika kumi. Kumpa mwalimu mstaafu dakika kumi ni kumwonea, lakini nitajitahidi.

Nyote mnakifahamu kibao kinachoelekeza njia ya kwenda Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge. Tunakipita na ndoo za mboga kichwani, tunakipita na bajaji, tunawahi soko. Mimi nimekipita miaka mingi bila kugeuza shingo. Mwaka juzi mjukuu wangu wa darasa la nne alirudi kutoka ziara ya shule akaniuliza, "Bibi, yule mama mmoja aliyenyongwa pamoja na wale wanaume alikuwa nani?" Jamani, nimeshika chaki miaka thelathini na mbili, lakini nilibabaika. Nikamwambia, alikuwa mke wa chifu. Nilimdanganya mtoto. Leo nataka nilipe deni hilo mbele yenu, maana hapa kwetu deni linalipwa hadharani.

Mama huyo anaitwa Nkomanile. Alikuwa mtawala mwenyewe, kule Kitanda, upande wa Namtumbo. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete kule Umatumbi walipong'oa pamba ya Mjerumani, vita ikaanza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mwenye dawa ya maji, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo, lakini dawa ilikwisha kusambaa. Huku Ungoni ililetwa na Omari Kinjala, na mlango aliopitia ni kwa Nkomanile. Kutoka hapo ikawafikia wakubwa wengine, akiwemo Nduna Songea Mbano.

Risasi hazikugeuka maji. Hilo tunalijua sote. Basi wako wanaosema, "Huyo mama ndiye aliyewaponza watu." Nimelisikia hata ndani ya kikundi hiki, na aliyesema yupo hapa, simtaji, ananijua na nampenda. Lakini nauliza: wale wanaume walioipokea dawa ileile, mbona hakuna anayesema waliponza mtu? Wao tunawaita mashujaa. Kodi ilikuwa inawabana wote, kazi za kulazimishwa na viboko vilikuwa vya wote. Alichoamua Nkomanile ndicho walichoamua na wao.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga. Watu 66 walizikwa katika kaburi moja, ndilo lile tunaloliona Mahenge. Kati yao wote, mwanamke ni Nkomanile peke yake. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake mwenyewe, na ukoo wake mpaka leo unakidai kichwa chake, kwamba kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mnakumbuka Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika hapahapa Songea? Aliomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani, akakutana na wazao wa Songea, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Siku ile nilisimama kwa mbali, nikalia, sikujua nalia nini hasa.

Jina la Nduna Songea ndilo la mji wetu. Sawa, anastahili. Lakini nimehesabu watoto na wajukuu wa wanachama wetu wote: Nkomanile hata mmoja hakuna.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Kaburi lile ni la walionyongwa. Wajerumani walipoona vita haiishi walichoma mashamba, wakachoma na maghala. Njaa ikaingia. Vita ilikwisha 1907, na hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wetu wanasema ni 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi wala kamba. Walikufa kwa njaa na maradhi, majumbani na maporini, akina mama na watoto wao. Hao wamelala wapi? Kando ya barabara gani tutaona kibao chao? Ukienda Mbinga, ukienda Namtumbo, ukienda Tunduru, unapita juu yao.

Nilipopendekeza tutoe kidogo kwenye mfuko wa jamii tuwapeleke watoto Mahenge siku ya kumbukumbu ya mashujaa, Februari, mliniambia historia haijazi sufuria. Kura zangu zilikuwa nne. Nilinuna wiki nzima, nakiri. Lakini nimefikiri, nanyi mlikuwa na haki kidogo: fedha ile ni ya msiba na ugonjwa. Nauli ya watoto nitaitafuta kwingine, na wageni wetu waalikwa mnanisikia.

Kwa hiyo sasa siombi fedha. Naomba majina. Kila mmoja wetu ana bibi, au shangazi, au mama mkwe mzee aliyesikia kwa mama yake habari za njaa ile: nani alifia njiani, nani alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma, nani alirudi na mtoto mgongoni. Kamuulizeni kabla ya masika. Mzee akikataa msimlazimishe, wengine wanaumia hadi leo. Akisema, andikeni kama alivyosema, kwa Kingoni, kwa Kimatengo, kwa Kindendeule, kwa Kiyao, vyovyote.

Nimenunua daftari kubwa, kurasa mia mbili, kwa fedha yangu. Jumatano ijayo litakuwa mezani pembeni ya sanduku. Ukurasa wa kwanza nimeshaandika mimi: bibi yake mama yangu, na watoto wake wawili aliowaacha njiani.